Mshahara Usiolipwa ni Kodi

Maneno yaliyosemwa Kalemie mbele ya wafanyakazi wa reli na bandari, wachimbaji na watu wa mji

Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha kutafuta bukari ya jioni ili mtusikilize, kwa hiyo hatutazungusha maneno.

Tumekuja kusema jambo moja. Kila mara Serikali inapopungukiwa na feza, tunaambiwa kwamba inapunguza matumizi. Neno hilo linapendeza masikioni. Baba mwenye akili naye hupunguza matumizi nyumbani kwake wakati wa shida. Lakini sisi tunauliza: gharama iliyoondolewa katika bajeti inakwenda wapi? Mtoto haachi kuugua homa kwa kuwa bajeti imepunguzwa. Treni haiachi kunywa mafuta. Watoto wenye umri wa kusoma hawapungui. Kazi imebaki ileile, na gharama yake imebaki ileile. Kilichobadilika ni mfuko unaolipa. Falanga ambayo haikutoka Kinshasa, mtu mmoja wa Kalemie ameitoa, na mara nyingi mtu huyo ni yule aliyeketi hapa mbele yetu, ambaye hajapewa mshahara wake na kesho asubuhi atakwenda kazini tena.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka habari za baba zao juu ya kodi ya kichwa. Wabelgiji walitoa amri yake ya kulipwa kwa feza tarehe 2 mwezi wa tano 1910, na kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kulipa. Asiyelipa alifungwa. Kodi ile ilikuwa na ukali wake, nasi hatuisifu hata kidogo, maana iliwatoa watu vijijini ikawapeleka migodini na relini wapende wasipende. Ndiyo maana wengi wetu tulizaliwa katika kampi. Lakini tazameni jambo hili: mtu aliyelipa kodi ya kichwa alijua kwamba amelipa. Alijua ni kiasi gani, na alikuwa na alama ya kuonyesha. Leo mtu anayefanya kazi miezi sita bila mshahara amelipa kodi iliyo kubwa kuliko ile ya babu yake, wala hakupewa risiti, wala hakuna bunge lililopiga kura juu ya kodi hiyo. Hata jina lake haina.

Sasa tuseme namna inavyofanyika, maana mtu akifahamu mashine hataogopa kelele zake.

Serikali inaweza kukata matumizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi. Wakubwa wanakaa, wanaandika kwamba mwaka huu shule zitapata kidogo, na watu fulani wataondolewa kazini. Jambo hilo linauma, lakini linaonekana, na watu wanaweza kulijibu. Nchi yetu iliona hayo katika miaka ya 1980. Mwezi wa tisa 1983 Serikali ya Mobutu, kwa kupatana na Shirika la Feza la Dunia, ilishusha thamani ya zaire kwa zaidi ya robo tatu mbele ya feza za kigeni. Walimu na watumishi wengi wa Serikali wakaondolewa. Waliobaki walikuwa na mshahara wa namba ileile, lakini gunia la unga halikujua namba ile.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka kwetu, nayo haina kelele. Bajeti inaandikwa vizuri. Bunge linaipitisha. Hospitali imo, shule imo, barabara imo, mishahara imo. Halafu mwaka unapita na feza hazifiki, au zinafika nusu, au zinafika kwa baadhi na wengine wanaambiwa wangoje. Hakuna mkubwa aliyesema kwamba anakata. Ukiuliza, utaonyeshwa karatasi ya bajeti, na kwenye karatasi jina lako limo. Huko ndiko kukata bila kisu.

Jimbo letu lenyewe limezaliwa katika hali hiyo. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika mstari wake wa 175, inasema kwamba majimbo yanapata asilimia 40 ya mapato ya taifa, na ya kwamba feza hizo zinashikwa palepale zinapotoka. Mstari wa 181 unaongeza mfuko wa kusaidia majimbo yaliyo nyuma, wa asilimia 10. Mambo mazuri! Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mara nne, nasi tukawa Tanganyika, na Kalemie ikawa mji mkuu wa territoire sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Watu walicheza ngoma. Lakini migodi mikubwa ya shaba na kobalti ilibaki Lualaba na Haut-Katanga, na mpaka wa Kasumbalesa, ambako malori yanalipa ushuru, ulibaki huko pia. Zamani tulikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya tajiri. Siku ile tulipewa nyumba yetu wenyewe, pasipo mlango wa duka. Ile asilimia 40, ambayo ndiyo ingetushika, haikushikwa palepale zinapotoka kama Katiba inavyosema. Feza zinapanda mpaka Kinshasa, halafu zinashuka kwa hiari na kwa kiasi cha Kinshasa. Gavana yeyote atakayekaa hapa, awe mwema awe mbaya, anatawala kwa feza za kungojea.

Hayo ni mambo ya juu. Tushuke sasa kwenye reli, maana bila reli mji huu usingekuwapo.

Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915, wakati wa vita, kama kilometa 270 kupitia Nyunzu na bonde la Lukuga. Makaa ya mawe yalichimbwa hapohapo Lukuga. Bandari ilipokea mizigo ya Kigoma. Baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikaja, na umeme wa Bendera. Mtu aliweza kuzaliwa katika kampi, akasoma katika kampi, akatibiwa katika kampi, akarithi kazi ya baba yake. Hatusemi ilikuwa raha. Kampi ilikuwa na kipimo cha posho na kipimo cha heshima, na mweusi alipewa vyote viwili kwa kikombe kidogo. Lakini mshahara ulikuja siku yake.

Mwaka 1974 reli za nchi ziliwekwa pamoja katika shirika moja la Serikali, ambalo leo linaitwa SNCC. Kila mtu wa Kalemie anajua yaliyofuata. Vyuma vilivyowekwa na babu zetu havikubadilishwa kwa wakati wake, vichwa vya treni vikapungua, madaraja yakachoka, na treni iliyokwenda kwa siku ikaanza kuhesabiwa kwa majuma. Mshahara nao ukafuata mwendo wa treni. Yako madeni ya mishahara ya wafanyakazi wa reli ambayo hayahesabiwi tena kwa miezi. Yanahesabiwa kwa miaka. Yupo mtu aliyeanza kudai akiwa kijana, na sasa anadai akiwa na wajukuu.

Tarehe 7 mwezi wa saba 2008 ilitoka sheria ya kugeuza mashirika ya Serikali kuwa makampuni ya biashara. Wengi hawakuiona kuwa ni habari ya kukata matumizi, lakini matunda yake ni hayohayo. Tangu hapo mfanyakazi akiidai Serikali anaambiwa: wewe ni mtu wa kampuni, nenda ukaidai kampuni. Akienda kwenye kampuni anaambiwa: mwenye mali ni Serikali, naye hajatupa feza. Anapigwa huku na huku kama mpira wa watoto, na jioni anarudi nyumbani mikono mitupu.

Na bado anafanya kazi! Hapo ndipo watu wa mbali wanaposhangaa. Wanauliza: kwa nini msiache? Hawajui kwamba mtu anayedaiwa anaweza kukimbia, lakini mtu anayedai amefungwa kamba. Ukiacha kazi, deni lako litaachwa pia, au wewe unaogopa hivyo, na wao wanajua unaogopa. Basi unakuja, unasaini kitabu cha kazi, unapaka mafuta kwa mikono yako, unainua njia iliyozama kwa mawe uliyoyabeba mwenyewe. Wakati maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika sehemu za chini za mji huu, waliookoa vitu vya kazi walikuwa watu wenye kudai mishahara. Sisi tunaiita hiyo mikopo. Mfanyakazi wa Kalemie ameikopesha Serikali ya Kongo kwa miaka mingi, bila faida na bila mkataba, wakati yeye mwenyewe, ili watoto wale, anakopa kwa wale wenye kuitwa Banque Lambert, ambao wanataka nusu juu ya falanga waliyokupa. Serikali inakopa kwake bure, naye anakopa kwa nusu juu. Mtu afanye hesabu hiyo mwenyewe, nasi hatuongezi neno.

Tunataka kuwaeleza kisa kimoja tulichokiona kwa macho yetu, katika mji mmoja wa pande hizi. Hatutaji hospitali wala shirika, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha kila mahali.

Mtu mmoja, mfanyakazi wa shirika la Serikali, alimpeleka mke wake kuzaa. Mtoto alikaa vibaya, ikabidi mama apasuliwe. Alipasuliwa vizuri, na mganga aliyefanya kazi hiyo usiku kucha tunamsifu. Mtoto akalia, watu wakashukuru. Kesho yake ikaja karatasi ya kulipa. Baba hakuwa na kitu. Akasema ukweli: mimi nina feza, lakini zipo kwa Serikali, miezi zaidi ya kumi. Akaonyesha na karatasi zake. Mwenye biro akazisoma, akatikisa kichwa, akasema karatasi hizi ni za kweli lakini hazinunui uzi wa kushonea. Basi mama na mtoto wakashikwa. Hawakufungwa kwa mnyororo, hapana; waliambiwa tu kwamba hawatatoka langoni mpaka deni lilipwe. Wakahamishwa kutoka kitandani kwenda mkekani, pamoja na wanawake wengine wa hali hiyo. Wakakaa hapo karibu majuma matatu, na kila siku iliyopita iliongeza deni.

Tulikwenda kuongea na yule mwenye biro tukiwa na hasira. Tulitaka kumtukana. Naye alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua kitabu chake akatuonyesha. Hospitali ile ilikuwa ya Serikali. Feza ya kuendesha kazi, iliyoandikwa katika bajeti, haikuwa imefika kwa muda mrefu. Wauguzi zaidi ya nusu hawakuwa na mshahara wa Serikali. Waliishi kwa kugawana kile kinacholipwa na wagonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Akasema: nikimwachilia huyu bila kulipa, nimekata posho ya muuguzi aliyemshika mtoto wake.

Tuliondoka pale kimya. Tazameni mzunguko huu, ndugu zetu. Serikali inadaiwa na baba. Baba anadaiwa na hospitali. Hospitali ni ya Serikali. Muuguzi anaidai Serikali, na kwa kuwa Serikali hailipi, anamshika mke wa mtu ambaye Serikali hailipi. Kama feza moja tu ingeingia katika mzunguko huo, mahali popote, wote wangefunguliwa siku hiyohiyo. Haikuingia. Waliomtoa yule mama ni wanawake wa likelemba yake, ambao walimpa zamu isiyokuwa yake. Mmoja wao alikuwa ameiweka zamu ile kwa ajili ya mabati ya nyumba. Basi yule mama wa mabati ndiye aliyelipa pengo la bajeti ya afya ya Kongo mwezi ule. Wakubwa waliokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi kwamba kila nchi ya Afrika itatoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi yetu ilikuwa kati yao, na haijafika hapo.

Juu ya shule tutasema kwa ufupi, kwa kuwa ninyi wenyewe ndio kitabu cha habari hiyo. Mwaka 1992 walimu walikuwa wamegoma kwa ajili ya mishahara, na mwaka wa shule ulikuwa karibu kufa. Ndipo Kanisa na wazazi wakapatana kwamba wazazi watawasaidia walimu kwa muda. Kwa muda! Muda huo ulidumu miaka 27. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza chini ya msaada ule wa muda alikua, akaoa, akazaa, akamlipia mtoto wake msaada uleule. Katiba ya 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya Serikali ni bure. Tukangoja miaka 13 mpaka mwezi wa tisa 2019, ndipo ikaanza. Sisi tunaikubali elimu ya bure, na mtu asitugeuzie maneno. Watoto wengi waliokuwa wakiuza maji na ndagala waliingia darasani. Lakini kuna walimu walioingia kazini na namba zao hazikuandikwa Kinshasa, hao wanaoitwa wapya, nao wanasubiri. Zamani walikula kwa wazazi. Sasa wazazi wamekatazwa kulipa, na Serikali haijaanza kulipa. Mwalimu huyo amesimama mbele ya watoto themanini, na tumbo lake ndilo linalogharimia elimu ya bure. Na yule wa porini ambaye mshahara wake unatoka hatimaye, lazima afunge safari mpaka mahali pa kupokelea, alale njiani, alipe pikipiki, na arudi na kile kilichobaki.

Watu wa Serikali watatujibu: mnataka tufanye nini, hakuna feza. Jibu hilo tunalichukua kwa uzito, wala hatulicheki. Sisi si watoto wa kudai sukari. Tuliona yanayotokea Serikali inapochapa makaratasi badala ya kutafuta feza. Mwezi wa kwanza 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano. Étienne Tshisekedi alisema noti hizo hazina haki ya kutumika, wafanyabiashara wakazikataa, na askari waliolipwa karatasi zisizonunua kitu wakavunja maduka ya Kinshasa. Watu wengi wakafa, na balozi wa Ufaransa akafa pia. Mwaka uliofuata bei zilipanda karibu mara mia kwa mwaka mmoja. Mtu aliyeweka akiba ya pensheni miaka thelathini hakuweza kununua mkate. Kwa hiyo kulipa kwa noti zisizo na nguvu ni kukata mshahara vilevile, tena ni kukata kwa kila mtu mara moja. Hatutaki jambo hilo lirudi.

Lakini je, ni kweli kwamba hakuna feza? Mwanzoni mwa mwaka 2023 wakaguzi wa feza wa Serikali yenyewe, wale wa IGF, walitangaza matokeo ya kukagua orodha ya watu wanaolipwa na Serikali. Walikuta zaidi ya watu 145,000 wenye namba za kazi zisizo sahihi. Walikuta zaidi ya watu 53,000 wanaotumia namba moja pamoja na wengine. Walisema kwamba hasara ya udanganyifu huo ilipita dolari milioni 60 kila mwezi. Kila mwezi, ndugu! Haya hayakusemwa na wapinzani wala na watu wa Ulaya. Basi mwalimu wetu mwenye mwili na chaki mkononi hana namba, na namba nyingine hazina mwili lakini zinakula. Kuondoa majina ya uongo ni kupunguza matumizi pia, na mtu akija na kisu cha namna hiyo sisi tutamshikia taa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilifanya ukaguzi wa aina hiyo mwaka 2016 na 2017, ikawaondoa wafanyakazi hewa, na karibu watu 10,000 waliokutwa na vyeti vya uongo. Hatusemi kila kitu kilifanyika kwa haki kule. Tunasema tu kwamba yawezekana.

Kuna jambo jingine limetokea karibuni ambalo limetufundisha. Kwa miaka mingi pengo la bajeti yetu lilizibwa na wageni. Baada ya vita vya Watwa na Waluba vya 2016 na 2017, watu wengi sana wa jimbo hili walikimbia vijiji vyao, na chakula, dawa na maturubai vilitoka kwa mashirika ya nje. Mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya msaada wa dharura kwa Kongo nzima ilitoka Marekani. Mwezi wa kwanza 2025 rais mpya wa Marekani akasimamisha msaada huo, na tarehe 1 mwezi wa saba 2025 shirika lake, USAID, likafungwa. Hakuna mtu wa Kalemie aliyepiga kura Marekani. Hatuwalaumu sana Wamarekani. Feza ni zao. Lakini mahali ambapo dawa ya mtoto inategemea bajeti ya watu wengine, siku wakikata wao, unakatwa wewe, na huna hata mlango wa kugonga.

Sasa tunafika kwenye neno lililotuleta hapa hasa. Wafanyakazi wa reli, wa bandari, na ninyi wa migodi, sikilizeni vizuri.

Siku moja mtaletewa karatasi. Itasema kwamba shirika lina watu wengi mno, na kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari yake atapewa kiasi fulani cha dolari mkononi. Mtakuwa na njaa siku hiyo, na dolari zitakuwa mpya. Tunawaomba mkumbuke ndugu zetu wa Gécamines. Kampuni ile ilikuwa ng'ombe wa Serikali. Ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Ng'ombe akakamuliwa pasipo kulishwa. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufika 1993 shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikasimama kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka 25. Hiari gani hiyo, ya mtu ambaye hajalipwa? Mwenye nyumba akiwasha moto chumbani mwako na kisha akufungulie dirisha, hawezi kusema kwamba uliruka kwa kupenda.

Walipewa feza, hatukatai. Lakini wengi waliona baadaye kwamba walichopewa hakikulingana na jumla ya madai yao yote: mishahara ya nyuma, likizo, miaka ya kazi. Wakalalamika miaka na miaka, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na wengine wamekufa wakilalamika. Baadhi walijaribu duka, wengine shamba, wengine gari la kubeba watu, wachache walifaulu. Walikuwa mafundi wa shaba, siyo wafanyabiashara, na mji mzima uliambiwa uwe wa wafanyabiashara siku moja, kila mtu akiuza na hakuna wa kununua. Sisi hatusemi kwamba kila mtu akatae. Mzee aliyechoka ana haki ya kupumzika, na shirika lenye watu wengi kuliko treni zake lina shida ya kweli. Tunasema: deni ni jambo moja na kuondoka ni jambo lingine. Mshahara wa nyuma ni mali yako hata kama hutaondoka kamwe. Mtu asikununulie kiti chako kwa feza yako mwenyewe.

Kwa hiyo hesabu yako uwe nayo kabla karatasi haijafika. Hapa ndipo tulipo dhaifu, tuseme kweli. Tumewatembelea watu kutoka Lubuye mpaka Kataki, tukawauliza: unadai kiasi gani? Wengi walijibu: nyingi. Nyingi siyo namba. Wengine karatasi zao za mshahara zimeliwa na mchwa, nyingine zimelowa wakati wa maji ya ziwa, nyingine walifungia sukari. Mjane mmoja alikuwa nazo zote, tangu ya kwanza ya marehemu mume wake, amezifunga kwa kamba ya katani ndani ya sufuria lenye kifuniko. Tulizihesabu pamoja naye mchana kutwa. Tulipomaliza alikaa kimya, kisha akasema hakujua kwamba mume wake alikuwa mtu tajiri.

Tunataka kila nyumba iwe na sufuria kama lile. Tena tunataka mambo mawili kutoka kwa wakubwa wa jimbo, na tumewaandikia barua. La kwanza, kila miezi mitatu ibandikwe kwenye ukuta wa kila shule na kila hospitali ya Serikali, kwa Kiswahili, feza iliyoandikwa katika bajeti kwa nyumba hiyo, na feza iliyofika kweli. Namba mbili tu. La pili, bajeti ya jimbo isomwe mbele ya watu kwa lugha wanayoifahamu kabla haijapigiwa kura, maana Kifaransa cha bajeti hata wenye Kifaransa kinawashinda. Mambo hayo hayahitaji Benki ya Dunia. Yanahitaji karatasi, gundi na mtu asiyeona haya.

Kuanzia Jumamosi hii, saa nane mchana, tutaweka meza hapahapa. Kila mfanyakazi alete karatasi zake za mshahara, na kitabu chake cha kazi kama anacho. Aliyepoteza alete shahidi wawili waliofanya kazi pamoja naye na miaka anayoikumbuka. Wajane waje na karatasi za marehemu. Mama zetu walete risiti za hospitali na za shule, hata zile za zamani, hata zile zilizoandikwa kwa mkono kwenye kipande cha daftari. Walimu wawili watakaa mezani kuandika, na nakala moja itarudi nyumbani na mwenyewe. Hakuna kulipa kitu. Anayejua kuhesabu vizuri na ana nafasi, abaki sasa, mkutano ukiisha, atupe jina lake.